Kumi na moja iliyojificha

Tarehe 4 Novemba 1914, katika Vita vya Tanga, kikosi cha Waingereza kilichotoka India na kushukia Ras Kazone kilirudishwa nyuma na askari wa Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Iandike tarehe hiyo kwa ufupi, 4/11/14, uondoe mikwaju, upate 41114. Anzia kulia, anzia kushoto, namba ni ileile. Namba za namna hii huitwa palindromu. Kuhusu vita haituambii lolote, ni sadfa ya kalenda tu. Ila ndani ya namba za aina hii mna kanuni ambayo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya hesabu.

Tazama miaka. 1991 ni 11 mara 181. 2002 ni 11 mara 182. Mwaka mwingine wa aina hiyo utakuwa 2112, nao ni 11 mara 192. Kila palindromu yenye idadi shufwa ya tarakimu lazima igawanyike kwa 11, ziwe tarakimu 4 au milioni 4.

Kwa nini? 10 imepungukiwa 1 ifikie 11. 100 imezidi 99 kwa 1, na 99 hugawanyika kwa 11. 1000 imepungukiwa 1 ifikie 1001, ambayo ni 11 mara 91. Hivyo ndivyo inavyokwenda: mamoja hujumlishwa, makumi hutolewa, mamia hujumlishwa, maelfu hutolewa. Katika 1991, 1 ya mamoja inajumlishwa na 1 ya maelfu inatolewa. 9 ya makumi inatolewa na 9 ya mamia inajumlishwa. Kila tarakimu inafutwa na pacha wake, na jibu ni 0, yaani ukiigawa kwa 11 hakuna baki.

Idadi ikiwa witiri, pacha hao huangukia upande mmoja na hawafutani. Kwa 41114 tunapata 4−1+1−1+4, yaani 7, na 7 ndiyo baki ukiigawa kwa 11. Ukiwa stendi ya Kange, hapo Tanga, unaweza kulijaribu hili kwenye namba za magari, ambazo zina tarakimu tatu. Palindromu za tarakimu tatu ziko 90, na zinazogawanyika kwa 11 ni 8 tu: 121, 242, 363, 484, 616, 737, 858 na 979.

Kwa hiyo namba tasa yenye sura hii na idadi shufwa ya tarakimu ni moja pekee, 11 yenyewe. Anayetafuta palindromu tasa kubwa hana budi kutafuta kwenye urefu witiri. Mojawapo iliyothibitishwa ina tarakimu 31: 1, sifuri 13, kisha 666, sifuri 13 tena, na 1 ya mwisho. Inaishia na 1, basi 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 20, basi 3 haiigawi. Ukijumlisha na kutoa kwa zamu unapata 8, basi hata 11 haiigawi. Hayo yote yanafanyika kwa kalamu na karatasi. Vigawo vilivyobaki ni kazi ya kompyuta.