Picha za Mimea, Sehemu ya Tatu: Mwalimu wa Berlin na Vikono vya Maboga

Magazeti ya Uingereza na Marekani yamekuwa yakiandika habari za wapenda bustani wanaouziwa mbegu za maua yasiyokuwapo duniani. Muuzaji huweka mtandaoni picha iliyotengenezwa kwa akili unde, labda waridi la buluu iliyokolea. Mnunuzi hulipa, hupanda, humwagilia, na kinachochipua, kama kipo, hakifanani kabisa na alichokiona. Kabla ya kuwacheka walionaswa, inafaa kumrudia Karl Blossfeldt, mpiga picha aliyeonyesha kwamba mmea wa kweli hauhitaji kutiwa chumvi.

Wasomaji wa sehemu zilizotangulia wanamkumbuka Anna Atkins, aliyeanza mwaka 1843 kulaza mwani juu ya karatasi ya sayanotaipu, inayobadilika rangi ikipigwa na mwanga, na kuliachia jua kazi ya kuchora. Blossfeldt alifuata njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1865 huko Schielo, katika milima ya Harz nchini Ujerumani, na ujanani alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha kusubu vyuma vya mapambo. Kisha akaenda Italia kumsaidia mwalimu wake, Moritz Meurer, kukusanya mimea ya kuwafundishia wachoraji. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kufundisha Berlin, katika chuo cha sanaa za ufundi, akabaki humo kwa takriban miaka 30.

Shida yake ilikuwa ya darasani. Mmea uliochumwa hunyauka kabla mwanafunzi hajamaliza kuuchora, na sehemu zake zilizo nzuri zaidi ni ndogo mno kuonekana kutoka kiti cha nyuma. Blossfeldt akatumia kamera ya mbao aliyojitengenezea, vioo vya negativi na mwanga wa kawaida wa mchana, akakuza vichipukizi hata mara 30. Nyuma ya mmea aliweka ubao mweupe au wa kijivu, basi. Mimea yenyewe hakuitafuta kwa wauza maua. Aliichuma njiani na mashambani, mingi ikiwa ile ambayo wengine huiita magugu.

Mojawapo ya picha zake ni ya vikono vya maboga, zile nyuzi ambazo mmea hujishikizia. Anayechambua majani ya maboga jikoni huvikwanyua na kuvitupa bila kuvitazama mara mbili. Katika picha ya Blossfeldt vimejisokota kama nondo za dirisha zilizotoka kwa mhunzi hodari, na hilo haliwezi kumshangaza anayejua alikulia wapi kikazi.

Msokoto huo una sababu. Kikono kikishashika tegemeo, huwa kimefungwa ncha zote mbili, hivyo hakiwezi kuzunguka upande mmoja tu. Sehemu moja huzunguka kulia, nyingine kushoto, na kati yake hubaki kipande kilichonyooka. Charles Darwin alilieleza jambo hili mwaka 1865, mwaka uleule aliozaliwa Blossfeldt, akaonyesha pia faida yake: kikono huwa springi, na upepo ukivuma shina huyumba bila kukatika. Yeyote mwenye shamba la maboga anaweza kulithibitisha kabla ya jua kuzama. Ni aibu kwamba mtoto anaweza kumaliza shule akiwa amekariri sehemu za ua, lakini hajawahi kuambiwa akae nusu saa mbele ya mmea mmoja na penseli.

Dunia ilichelewa kumwona Blossfeldt. Mfanyabiashara wa sanaa Karl Nierendorf alizionyesha picha zake Berlin mwaka 1926, na mwaka 1928 kikatoka kitabu *Urformen der Kunst*, chenye picha 120, ambacho mwanafalsafa Walter Benjamin alikihakiki mwaka huohuo kwa sifa kubwa. Blossfeldt alifariki mwaka 1932.

Wapo watakaosema kwamba naye alidanganya, kwa kuwa alikata majani yaliyomzuia kuona umbo na kuzirekebisha negativi zake. Kukata alikata. Lakini mmea ulikuwepo mbele ya kamera, na kitabuni kila picha iliandamana na jina la kisayansi na idadi ya mara ilizokuzwa, ili asiyeamini aende akachume mwenyewe. Huo ndio uungwana ambao picha za akili unde zinazotumiwa kuuzia mbegu hazina: hazina mmea wa kurudiwa.

Kwa hiyo anayeonyeshwa ua la ajabu kwenye simu amuulize muuzaji jina la kisayansi la ua hilo, kisha alitafute katika orodha ya mimea ya dunia ambayo bustani ya Kew, London, imeiweka mtandaoni bila malipo. Jina likikosekana, au likiwa la waridi la kawaida huku picha ni ya buluu iliyokolea, fedha zibaki mfukoni.