Meza nzito ya seremala: jinsi ya kuijenga pamoja na kuitumia bila ugomvi



Mara nyingi seremala anayekimbia vita hufika na nyundo, msumeno na randa ndani ya mfuko. Meza yake ya kazi, ile ambayo mafundi wengi wanaiita etabli, inabaki nyuma kwa sababu haibebeki. Bila meza, fundi anafanya kazi chini, amepiga magoti. Mbao inacheza, randa inaruka, na mlango unatoka umepinda. Mteja hawezi kurudi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinasema, katika kanuni ya 22, kwamba mtu aliyehamishwa asibaguliwe katika kutafuta kazi. Lakini haki hiyo inahitaji mahali pa kuisimamisha. Kwa seremala, mahali hapo ni meza.

Kosa letu la kwanza

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Kivu Kaskazini, sisi wenyewe tulileta meza iliyotengenezwa mjini. Ilikuwa ya mbao nyembamba, imepigwa misumari tu. Tuliiweka katika ua wa familia moja yenye nafasi. Baada ya miezi miwili ilikuwa inatikisika kama kiti cha zamani. Ubaya zaidi, wenyeji walisema ni ya wakimbizi, wakimbizi wakasema imefungiwa kwa mwenyeji. Tulileta kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe, na tukakosa kuuliza.

Meza ya pili waliijenga wenyewe, mafundi wa pande zote mbili. Hiyo ndiyo tunayoieleza hapa.

Kuchagua mbao

Tafuteni madriye 4 za sipresi au pinusi, kila moja urefu wa mita 4, upana sm 20 na unene sm 5. Mbao hizi ni laini, msumeno wa mkono unazikata vizuri, na zikiwa nene zinatoa uzito unaohitajika. Mkalitusi ni mzito zaidi, lakini hupinda na kupasuka unapokauka. Utumieni kwa vigingi vidogo.

Kataeni mbao yenye kiini cha mti katikati, au fundo kubwa linalovuka upana. Ulizeni pia mti umetoka wapi. Mti uliopandwa shambani, umenunuliwa kwa mwenyewe mbele ya shahidi, hauleti kesi. Mti uliokatwa ndani ya hifadhi, au katika shamba la mtu aliyekimbia, utaleta kesi hata kama meza ni nzuri.

Pangeni mbao chini ya paa, na vijiti katikati ili hewa ipite. Unene wa sm 5 unahitaji miezi mingi kukauka. Kama hamwezi kungoja, ndiyo sababu tunatumia buloni: mbao ikikonda, mnakaza tena.

Vipimo

Simama wima, mikono ikining'inia. Uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwa watu wengi ni karibu sm 85. Kateni hivi:

- Uso: mbao 3 za mita 2, upana wote wa sm 20.
- Mihimili mirefu: 2 za mita 1.40, upana wote.
- Zilizobaki, pasueni katikati mpate upana wa karibu sm 10. Kutoka humo kateni vipande 4 vya sm 80, 4 vya sm 50, 4 vya sm 10, na mihimili mifupi 4 ya sm 60.
- Buloni 8 za milimita 12, urefu sm 18. Na buloni 6 za milimita 10, urefu sm 15. Zote na nati na rondela.
- Gundi ya mbao na misumari ya sm 8.

Hatua ya 1: miguu

Kila mguu una tabaka mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba matundu kwa patasi. Lazeni chini vipande viwili vya sm 80, kingo zao za nje zikiachana sm 60. Juu yake wekeni gundi, kisha pangeni kutoka chini: kipande cha sm 10, muhimili mfupi unaovuka miguu yote miwili, kipande cha sm 50, na muhimili mfupi wa pili juu kabisa. Vipande visukumane bila nafasi. Kama mbao zenu hazikufika sm 10 baada ya kupasua, rekebisheni kipande cha katikati.

Kabla ya kupiga misumari, pimeni kutoka pembe hadi pembe kwa kamba. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Tengenezeni fremu ya pili sawasawa na hii.

Hatua ya 2: mihimili mirefu

Simamisheni fremu mbili, tabaka zenye mihimili zikitazamana, na umbali wa mita 1.40 kutoka nje hadi nje. Muhimili mrefu ukae juu ya muhimili mfupi wa chini, umeegemea upande wa ndani wa miguu. Toboeni mguu na muhimili kwa pamoja, matundu mawili kila mahali, moja juu na moja chini, lakini yasiwe kwenye mstari mmoja, mbao isipasuke. Kazeni buloni ndefu. Hapa gundi hapana.

Hatua ya 3: uso

Lazeni mbao tatu juu, zikipita miguu kwa sm 30 kila upande. Kila mbao ipate buloni moja tu, katikati ya upana wake, kwenye kila muhimili wa juu. Mbao hupanuka kwa upana wakati wa mvua na kukonda wakati wa kiangazi. Ikifungwa pembeni zote mbili itapasuka. Acheni nafasi ya milimita 3 kati ya mbao. Kichwa cha buloni kizame sm 1 na nusu, kisikutane na kisu cha randa.

Hatua ya 4: kushika kazi

Jiliwa la chuma ni ghali. Toboeni tundu karibu na mwisho wa meza, ingizeni kigingi cha mkalitusi kinachopanda na kushuka: mbao inakigonga, randa inasukuma. Kwa kazi ya patasi, pitisheni kamba katika tundu lingine, izunguke juu ya mbao, na mguu wako uikanyage kwa chini.

Mwisho, pangeni vipande vya mbao juu ya mihimili mirefu na mjaze mawe. Wale wa Goma hawakosi mawe ya volkano. Meza yenyewe ina zaidi ya kilo 50. Mawe yatafanya isitembee.

Makubaliano kabla ya msumari wa kwanza

Kaeni baraza pamoja na chifu, wawakilishi wa wakimbizi, wenyeji, wanawake na vijana. Andikeni: meza ni ya nani? Inakaa wapi, na ufunguo uko kwa nani? Nani anatumia siku gani? Gundi na buloni zitanunuliwa kwa pesa gani? Kila fundi atafundisha vijana wangapi, na watoke pande zote mbili?

Swali la mwisho ndilo gumu: amani ikirudi na wakimbizi wakienda nyumbani, itakuwaje? Meza hii hufunguliwa kuwa vipande 7 na buloni 14, inapakiwa kwenye chukudu. Inaweza kwenda, na kwa sababu hiyo lazima msemezane mapema.

Katika kijiji kile walibishana mchana mzima. Mzee mmoja mwenyeji aliogopa mafundi wageni watamnyang'anya wateja. Fundi mmoja mkimbizi alisema hataki kujenga kitu atakachofukuzwa kwacho. Mwishowe walikubaliana hivi: meza itabaki kijijini, lakini siku ya kurudi, wenyeji watawapa wanaoondoka madriye 4 na buloni zake. Walitia sahihi kwenye daftari, na vipimo vya meza vikaandikwa ukurasa uleule.

Tangu hapo, mzee yule na fundi yule wanagawana wateja: mmoja milango, mwingine vitanda. Kila mwanzo wa kiangazi wanashika funguo na kukaza buloni pamoja.