Kuvu na Kuta za Ras Mkumbuu

Ras Mkumbuu ni ncha nyembamba ya ardhi iliyo magharibi ya Chake Chake, na katika ncha hiyo yamesalia magofu ya msikiti wa jamaa na makaburi yenye minara, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya karafuu kuletwa Pemba. James Kirkman aliyachunguza katika miaka ya 1950, na Mark Horton akayarudia katika miaka ya 1980, nao walitaka kujua ni watu gani waliokaa hapo na zama gani. Walakini mgeni asiye mchimbuzi hupokewa kwanza na rangi, kwa kuwa kuta hizo sasa zimetandwa na mabaka meusi, ya kijani na ya kijivu, naye aghalabu husema kuwa ni ukungu, akapita.

Ukungu huo una ilimu yake. Si wote ulio kuvu, maana weusi ufuatao michirizi ya maji mara nyingi ni wa bakteria na miani; lakini kuvu wamo, na baadhi yao wana tabia za ajabu. Mwaka 1997 Katja Sterflinger na Wolfgang Krumbein, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oldenburg huko Ujerumani, walieleza kwamba vishimo vingi vinavyotoboa marumaru na mawe ya chokaa katika nchi za Bahari ya Mediterania ni kazi ya kuvu weusi, ambao hukua polepole mno katika vijifundo vidogo, wakijikinga na jua kali kwa rangi yao wenyewe, wakistahimili kiu na joto ambalo lingewaua kuvu wa mkate, na wakipenyeza nyuzi zao, zenye unene wa sehemu chache tu za elfu moja ya milimita, baina ya chembe za jiwe hata chembe hizo zikaachana.

Wengine hutumia asidi. Kuvu wengi, na likeni pia, ambazo kwa hakika ni kuvu na miani waishio kwa shirika, hutoa asidi ya oksaliki, nayo ikikutana na chokaa ya jiwe huzaa chumvi isiyoyeyuka kwa wepesi, ikajenga ukoko juu ya ukuta. Mkemia Justus von Liebig aliueleza ukoko wa namna hii, uliotoka kwenye marumaru ya Parthenon, tangu mwaka 1853, naye akaunasibisha na likeni. Hapa ndipo mambo yanapotatanika, maana chumvi hiyo hiyo, iliyopatikana kwa kulila jiwe, yaweza baadaye kulikinga na mvua. Hivyo mtu akiukwangua ukoko kwa brashi ya chuma, huenda akaondoa ngao pamoja na adui.

Na jiwe la Pemba ni laini. Matumbawe ya kuchongea mihrabu yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakatiwa nakshi kabla ya kukauka na kuwa magumu, nayo yamejaa vitundu vinavyofyonza maji kama sifongo. Kisiwa ambacho Waarabu walikiita cha kijani hakipungukiwi na maji: masika hufuatwa na vuli, na ukuta uliopoteza dari hulowa kutoka juu, ubavuni na chini. Pasipo maji kuvu hulala tu; kwa hiyo mtu anayeanza kwa dawa kabla ya kuuliza maji yanapita wapi, kwa rai yangu, ameshika mkia wa jambo.

Yaliyotokea Lascaux, pango la michoro ya kale huko Ufaransa, yanatosha kututahadharisha. Liligunduliwa mwaka 1940, likafungwa kwa watalii mwaka 1963 baada ya pumzi na taa kuleta miani, kisha mwaka 2001 likavamiwa na kuvu mweupe aitwaye Fusarium solani. Wahifadhi walimwaga chokaa sakafuni na kupaka dawa kali. Mweupe akapungua, na baada ya miaka michache yakazuka madoa meusi ya kuvu wengine.

Wajenzi wetu wa zamani hawakuwa na darubini, ila walikuwa na chokaa. Chokaa mbichi ni kali kwa kuvu, na ukuta uliopakwa upya kila baada ya muda hupumua, ukatoa unyevu wake, ilhali saruji, ambayo mafundi wa siku hizi huikimbilia kwa wepesi wake, huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari, na jiwe likaanza kumeguka nyuma ya plasta iliyo nzima kwa macho.

Chokaa mpya nayo haifai kila mahali. Huko Pujini, Pemba hiyo hiyo, katika ngome inayonasibishwa na mtawala wa zamani Mkame Ndume, mchimbuzi Adria LaViolette na wenzake walikuta chumba cha chini ya ardhi chenye sura ya siwa, yaani baragumu ya enzi, iliyofinyangwa kwa plasta ukutani, na kitu cha namna hiyo hakipakwi wala hakisuguliwi. Mhifadhi ataanza kwa kupiga picha ya kila baka, masika na kiangazi, akiweka kipimo kando yake, apate kujua kama linakua au limetulia. Na likiwa limetulia, kwa mwaka huo ataliacha.