Arusi Ndefu ya Clairton

Mtu akiwauliza walioitazama filamu iitwayo The Deer Hunter ni wapi walipochoka, wengi watamjibu pasipo kusita kwamba walichoka arusini. Na akiwauliza walioipenda ni wapi ilipowashika, wenye insafu miongoni mwao watamjibu kwamba machozi yaliyowatoka mwisho wa hekaya yalikuwa yamekwisha kukusanyika huko huko arusini, wakati walipodhani kuwa hapana lolote lililokuwa likitukia. Baina ya majibu hayo mawili umekaa mjadala uliodumu tangu 1978, na kila kizazi kipya kinachoitazama filamu hii huurithi bila ya kuambiwa na mtu.

Jina lake twaweza kulifasiri Mwinda Ayala, kwa kuwa ayala ndiye yule mnyama wa nchi za baridi anayefanana na kulungu, ila pembe zake huchipua matawi. Iliongozwa na Michael Cimino, ikaanza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Desemba 1978, wakati ambapo kuanguka kwa Saigon kulikuwa hakujatimiza miaka minne, na vifo vya askari wa Kimarekani zaidi ya 58,000 vilikuwa bado vibichi katika nyoyo za jamaa zao. Husimulia habari za masahibu watatu, Michael, Nick na Steven, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma katika mji mdogo wa Clairton, jimbo la Pennsylvania, wazao wa wahamiaji wa Kislavi wafuatao madhehebu ya Kiorthodoksi, ambao hutoka zamu yao ya mwisho nyuso zikiwa zimejaa masizi ya tanuri, wakaenda kumwoza mmoja wao, wakaenda milimani kuwinda, kisha wakaenda Vietnam. Michael hurudi mzima wa viungo. Steven hurudi hana miguu. Nick hubaki Saigon, asirudi ila ndani ya jeneza.

Katika filamu ya dakika 183, zaidi ya saa moja hupita kabla mtazamaji hajaiona Vietnam, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni arusi ya Steven. Ibada ilipigwa picha katika kanisa kuu la Kirusi la Mtakatifu Theodosius mjini Cleveland, jimbo la Ohio, na mmoja katika marafiki wa kundi lile, Axel, aliigizwa na Chuck Aspegren, mtu wa kiwanda cha chuma ambaye uigizaji haukuwa kazi yake. Baada ya kanisa huja ukumbi, na ukumbini hapana haraka: wazee wanacheza, vijana wanalewa na kusukumana, Nick anamposa msichana aitwaye Linda katikati ya zogo, na picha kubwa za vijana watatu waendao vitani zimetundikwa ukutani kana kwamba wamekwisha kuwa kumbukumbu. Maarusi hupewa mvinyo katika kikombe chenye midomo miwili, na itikadi ya wazee ni kwamba wasipomwaga hata tone moja watakuwa na bahati umri wao wote. Basi hunywa, watu hushangilia, na matone mekundu mawili matatu hulidondokea gauni jeupe la bibi arusi, wasiyaone wao wala jamaa zao, tukayaona sisi tu.

Wanaolalamika husema kwamba nusu ya saa ingetosha. Kwamba watu kumi na watano wanapocheza dansi moja, mtazamaji hajui amfuate nani. Kwamba waliingia kutazama vita, wakakalishwa karamuni. Malalamiko haya si ya wajinga, wala siyadharau. Lakini sisi tuliolelewa mahali ambapo arusi huchukua siku kadhaa, na ambapo mtu huulizwa baadaye si bibi arusi alivaa nini tu bali nani alikuja na nani hakuonekana, twaweza kufahamu kwa wepesi jambo ambalo mtazamaji mwenye haraka hulipita: arusini ndipo mji hujihesabu. Cimino alitaka tuwajue watu wale kwa idadi na kwa tabia, tujue nani huimba kwa sauti na nani hunywa kwa huzuni, ili baadaye, watu hao hao wakusanyikapo katika kanisa lile lile kumzika Nick, tusihitaji kuelezwa kilichopungua. Huwezi kumlilia mtu uliyejulishwa naye dakika tano kabla ya kifo chake. Utamhurumia tu, na huruma ni kitu kingine.

Hata kivuko cha kutoka Clairton kwenda vitani kinathibitisha nia hiyo. Baada ya kuwinda, marafiki huketi usiku katika baa ya mwenzao John, naye John hukaa kwenye piano akapiga muziki wa Chopin, na wale watu wa makelele hunyamaza, kila mmoja akitazama mahali pake. Mara, bila ya kuonyeshwa mafunzo, wala meli, wala kuagana na mama, tumo ndani ya moto na kishindo cha helikopta.

Hapo ndipo shutuma ya pili huanza, nayo ni nzito kupita ile ya urefu. Masahibu watatu hutekwa, na mateka hulazimishwa kucheza ruleti ya Kirusi, yaani bastola yenye matundu sita hutiwa risasi moja, huzungushwa, huwekwa kichwani, kisha mtu huvuta, huku walinzi wakiwekeana dau. Peter Arnett, mwandishi wa habari aliyekaa miaka mingi katika vita ile na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1966 kwa taarifa zake, aliandika kwa ghadhabu kwamba jambo hilo halikuwahi kuthibitika hata mara moja. Katika tamasha la filamu la Berlin la 1979 wajumbe wa Urusi ya Kisovieti walijitoa, wakafuatwa na wenzao wa nchi za kisoshalisti, wakidai kuwa watu wa Vietnam wametukanwa. Usiku wa 9 Aprili 1979, filamu ilipotwaa tuzo tano za Oscar, ikiwemo ile ya filamu bora, ya mwongozaji, na ya mwigizaji msaidizi kwa Christopher Walken aliyekuwa Nick, nje ya ukumbi walisimama askari wa zamani waliopigana Vietnam, wakiipinga. Wengine waliopigana vita hiyo hiyo waliitazama wakalia, wakasema hatimaye mtu amewaonyesha. Wa makundi yote mawili walikuwako huko. Hapana awezaye kumwambia mmoja wao kuwa hajui asemalo.

Cimino alijitetea kwamba hakukusudia kuandika tarikhi, na kwamba amshambuliaye kwa usahihi wa matukio anapigana na kivuli. Utetezi huu naukubali nusu. Bastola ile yafaa kuwa mfano wa vita, ambavyo humchagua huyu na kumwacha yule pasipo sababu. Na Michael, aliyekuwa akihubiri milimani kwamba ayala lazima auawe kwa risasi moja tu, hukuta fahari yake ya uwindaji imegeuzwa mauti ya rafiki yake Nick. Lakini mfano una mwenyewe. Mwaka 1968 mpiga picha Eddie Adams alipiga picha ambayo dunia nzima iliiona, ya mkuu wa polisi wa Vietnam ya Kusini akimpiga mateka risasi ya kichwa katika barabara ya Saigon. Mshirika wa Marekani ndiye aliyeshika bastola. Miaka kumi baadaye filamu iliichukua bastola ile ile ikaitia mkononi mwa upande wa pili. Hilo si jambo dogo, na muziki mzuri wa gitaa usikikao katika filamu haulifuti.

Nami, baada ya kuitazama zaidi ya mara moja, naona kwamba sifa na shutuma zina asili moja. Saa ile ya arusi, ambayo ndiyo fadhila ya filamu, ndiyo pia ushahidi dhidi yake. Maana mtu aliyejua kwamba binadamu hawezi kulilika mpaka umeketi karamuni kwake, hakumketisha mtazamaji hata dakika moja katika karamu ya Mvietnam. Huko Clairton hata bibi kizee apitaye barabarani ana uso. Huko vitani watu ni kelele na bunduki. Vietnam nako kulikuwa na arusi, na nyungu, na mama wa bwana arusi anayelia pembeni, na waliokufa kwao walizidi wa Marekani mara nyingi. Kama filamu isingejua kuwapenda watu, tusingemdai mwongozaji deni hili. Ameonyesha kuwa anajua, basi tunamdai.

Zipo lawama nyepesi, kama ile ya watu wa Pennsylvania kwamba milima ya mawindo si yao bali ni ya jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi. Hiyo naisamehe. Tena yapo mambo ambayo takriban watazamaji wote hukubaliana juu yake, na la kwanza ni uigizaji: Robert De Niro ndani ya ukimya wa Michael, Meryl Streep, angali kijana, akimpa Linda haya na upweke, na John Cazale, mchumba wa Streep, aliyeicheza sehemu yake akiwa mgonjwa wa saratani na kufariki Machi 1978 kabla filamu haijatoka.

La pili ni kurudi. Michael afikapo Clairton kwa teksi, huziona taa na vitambaa vya kumkaribisha, humwambia dereva apite asisimame, akalala hotelini peke yake. Kurudi kwa namna hiyo kwetu si jambo geni. Siku mbili baada ya usiku ule wa tuzo, tarehe 11 Aprili 1979, Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na muda si mrefu vijana wa Kagera, Songea na Tanga wakaanza kurudi makwao wakipokewa kwa ngoma. Aliyepata kumwona mmoja wao akitoka nje katikati ya karamu yake, akaketi gizani nyuma ya nyumba, hatahitaji kufafanuliwa teksi ile.

Mwisho ndio unaogawa watu kuliko yote. Baada ya maziko, marafiki huketi katika baa kungojea chakula. John, peke yake jikoni, anakoroga mayai huku akilia, na ndani ya kilio huanza kuvumisha wimbo wa kuombea nchi yao baraka. Mezani mmoja huudaka, kisha wengine. Wako watazamaji walioondoka wamekasirika, wakisema hii ni nchi iliyokula wanawe ikaimbiwa sifa. Wako waliosikia dua ya watu wasio na maneno mengine. Mimi husikiliza sauti zao. Ukumbini waliimba kwa vifua wazi. Hapa huimba chini chini, wakitafuta ufunguo wa wimbo, Steven katika kiti chake cha magurudumu, mkewe Angela ubavuni pake. Kisha huinua glasi, akatajwa Nick.