Kontena Moja, Jamaa Ishirini



Wengi wetu tulioko Uingereza hupeleka mizigo Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kwa njia ya wakala. Tunamkabidhi mapipa na maboksi, tunamlipa, kisha twadhani kazi imetutoka mikononi. Kumbe ndipo ushirika wetu naye unapoanza. Faida ya kazi yake haiko dukani ikitungoja kuinunua. Nusu yake huitengeneza yeye, na nusu huitengeneza sisi.

Tazameni hesabu ya kontena. La futi 20 lina nafasi ya takriban meta 33 za ujazo, na wakala huilipa kampuni ya meli nauli ya kontena zima, liwe limejaa au lina mapengo. Baiskeli iliyoachwa nzima hula nafasi ya maboksi kadhaa; ikifunguliwa magurudumu na kulazwa bapa, mwenyewe hulipa kidogo na wakala hupata mahali pa mzigo wa mwingine. Sufuria zinazokwenda tupu, hali nguo zimejaza boksi jingine, ni hewa inayolipiwa nauli! Hili wakala hawezi kutufanyia, wala sisi hatuwezi kukodi kontena kwa ajili ya mapipa mawili.

Wakati nao ni vivyo hivyo. Kontena la ushirika aghalabu haliondoki mpaka lijae, na aliyewahi humngoja aliyechelewa. Jamaa za mji mmoja wakipatana juma moja la kuleta mizigo, wakala huweza kuagiza nafasi melini mapema, nasi tukapata nguvu ya kuzungumza naye bei. Wenye kutuma vitu vya Idi na waache miezi, si majuma. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Sham, makampuni mengi yalizizungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, na safari zikarefuka mno.

Lililo zito zaidi ni orodha ya vitu. Mali za jamaa ishirini hukaa ndani ya sanduku moja la chuma, na maofisa wa forodha wakitilia shaka boksi moja, kontena zima laweza kusimamishwa. Aliyeandika "nguo kuukuu" juu ya boksi la simu mpya haidanganyi serikali peke yake. Ameweka rehani kiti cha magurudumu ambacho mwenziwe amempelekea mama yake mgonjwa. Siku za bure zikipita, ada za bandarini huhesabiwa kila siku, na huweza kuwaangukia hata waliosema kweli. Kwa maoni yetu, wakala anayekataa boksi lisilo na orodha anastahili shukrani, ijapokuwa hutuudhi pale mlangoni.

Naye ana wajibu wake. Na atupe jina la meli na nambari ya kontena, na habari ya kuchelewa aitoe kabla hatujaiuliza, ili tuwaandae wapokeaji. Mpokeaji naye atumiwe nakala ya orodha, na jina lake liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho. "Mama Salma wa Kibokoni" anajulikana mtaa mzima, ila si bandarini.