Kiunzi cha kolajeni: ngozi ya chini ikiungua

Ngozi ina matabaka mawili, na moja tu ndilo linaloweza kuota upya likiisha. La juu ni jembamba na hubadilika kila baada ya wiki chache hata pasipo jeraha. La chini, demisi, ndilo nene, lenye mishipa ya damu, neva, mashina ya nywele na tezi za jasho. Likiungua lote, mwili huziba pengo kwa kovu, na kovu hujikunja. Kidevu huvutwa kifuani, kiwiko hakinyooki, vidole hupinda vikaingia kiganjani. Huku Kericho na Bomet, nchini Kenya, jambo hilo si suala la urembo tu. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa kilo, na kilo hizo zinachumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda pamoja. Mkono uliojikunja ni pesa iliyopotea kila mwezi.

Demisi imefumwa kwa kolajeni, protini ya nyuzi tatu zilizosokotana. Takriban robo tatu ya uzito wa ngozi iliyokaushwa ni kolajeni. Ng'ombe naye anayo kwenye ngozi, kano na mifupa. Ndiyo inayoifanya supu ya miguu igande ikipoa. Ikisafishwa vizuri, mwili wa binadamu kwa kawaida huipokea bila kuikataa.

Aliyeitafutia kolajeni kazi ya kuziba pengo la demisi ni daktari mpasuaji John Burke wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston. Wagonjwa wake walioungua sehemu kubwa ya mwili walikufa kwa kukosa ngozi nzima ya kuwapandikizia. Alishirikiana na Ioannis Yannas, mwanasayansi mzaliwa wa Ugiriki aliyefundisha chuo cha MIT. Walichanganya kolajeni ya ng'ombe na kemikali ya gegedu la papa, wakaikausha kwa baridi kali ikawa sifongo jembamba, kisha wakaifunika kwa utando wa silikoni. Mwaka 1981 walitoa ripoti ya wagonjwa 10 walioungua nusu ya mwili au zaidi. Marekani iliidhinisha kiunzi hicho mwaka 1996, kwa jina la Integra.

Kazi yake iko hivi. Daktari hukata nyama yote iliyokufa mpaka afike panapotoka damu, kisha hulaza sifongo hapo na kulishona. Silikoni huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Chini yake, mishipa midogo ya damu na seli za mgonjwa hupenya vitundu vya sifongo na kuanza kufuma kolajeni mpya, huku ile ya ng'ombe ikiyeyuka polepole. Ukubwa wa vitundu hivyo ni jambo nyeti: vikibana mno seli haziingii, vikipanuka mno hazipati pa kushika. Baada ya wiki mbili au tatu silikoni hubanduliwa, na juu ya demisi mpya hupandikizwa utando mwembamba sana wa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka pajani. Kwa hiyo anayekuahidi ngozi ya bandia inayomaliza kazi peke yake anakudanganya. Hiki ni kiunzi tu. Hakioti nywele, hakitoi jasho, na upasuaji ni mara mbili.

Je, kila aliyeungua akitafute? Kwa maoni yangu, hapana. Kwa vidonda vingi vinavyofika katika hospitali zetu, kupandikiza ngozi ya paja mapema kunatosha, na gharama yake ni ndogo zaidi. Kiunzi kiwekwe akiba kwa ajili ya mikono, shingo na viungo. Pia kwa kovu la zamani linalofunguliwa upya. Ajali ya boda boda iliyoacha kano wazi. Na mtu aliyeungua mwili karibu wote. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka na kushika moto watu wakichota mafuta, na zaidi ya 100 wakafa. Anayenusurika moto wa namna hiyo mara nyingi hana hata paja zima la kukopa. Lakini usaha ukiingia chini ya sifongo, gharama yote imekwenda na maji, ndiyo maana muuguzi hodari wa kufunga vidonda ana thamani zaidi kuliko kiunzi chenyewe. Vipo pia viunzi vya nguruwe. Mwenye mwiko aulize kabla ya kutia sahihi.

Usichanganye kiunzi na vitu vingine. Ngozi ya sato waliyoijaribu madaktari wa Fortaleza, Brazil, ni bandeji iliyosafishwa kitaalamu, kwa hiyo usibandike samaki wa sokoni. Kolajeni ya kunywa inayouzwa mitandaoni haijazi kidonda kirefu.

Nyumbani, hatari ni sufuria ya chai, uji, maji ya kuoga, na mwenye kifafa aliyeangukia mafiga. Mwagia palipoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwa baridi ya Kericho mfunike mtoto sehemu nyingine zote asipoteze joto. Barafu, mafuta, unga na dawa ya meno viache. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua eneo la viganja kumi anahitaji maji ya mshipa haraka. Tena msidanganywe na kidonda cheupe au kikavu kisichouma: hakiumi kwa sababu neva zimekufa, nacho ndicho kirefu kuliko vyote. Mpelekeni siku hiyohiyo Longisa, Kapkatet, Litein, Tenwek au hospitali ya rufaa ya Kericho, msingoje kitoe usaha.