Ua Juu, Tunda Chini

Wanachama wengi wana mkomamanga mbele ya nyumba. Utazameni vizuri. Ua lake hukaa kwenye ncha ya kitawi, limeelekea juu au kando. Likisha kushika, tunda hunenepa, kitawi hulemewa na kupinda, na lile taji lililokuwa juu sasa laelekea ardhini. Ni uzito tu.

Liko pia lile ua jekundu la pwani yetu, lenye petali zilizochanikachanika na kukunjika nyuma, Hibiscus schizopetalus. Dr. John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja katika karne ya 19, alilipeleka Kew, na Wazungu wakalishangaa. Hili huning'inia tangu mwanzo, kwa kikonyo chake kirefu, hata kabla ya kuzaa. Tena hutoka kwapani mwa jani, kwenye chipukizi jipya. Basi mti wake ukipunguzwa matawi huchipua na kuchanua tena. Lakini mkomamanga ukikatwa ncha zote ili upendeze, maua mengi ya msimu ule yamekwenda na majani.

Mkarafuu wafuata tabia ya mkomamanga: vishada vyake hukaa kwenye ncha za matawi. Ncha hizo ziko mbali na mchumaji, na mwenye haraka huvuta tawi mpaka likavunjika. Hapo ndipo karafuu za msimu mwingine zingalitoka. Wachumaji wenu wavute tawi taratibu kwa kigoe, walifunge kamba, wachume, kisha waliachie lirudi mahali pake.